Mkono wa Dola Nje ya Mpaka: Urejeshaji, Utekaji na Wajibu wa Mahakama Inayompokea Mtuhumiwa

Katika elimu ya sheria ya mataifa, mamlaka ya dola hugawanywa mafungu matatu, nayo ni mamlaka ya kutunga sheria, mamlaka ya kuhukumu, na mamlaka ya kutekeleza, yaani kukamata, kupekua, kuzuia na kuadhibu. Mafungu haya hayafiki mbali kwa kiasi kimoja. Bunge la Uganda laweza kutunga sheria inayomfunga raia wa Uganda kwa jambo alilolitenda Nairobi, na mahakama ya Kampala yaweza kumhukumu kwa jambo hilo akiwa amesimama mbele yake. Lakini askari wa Uganda, hata awe ameshika hati ya kukamata iliyotiwa saini na jaji wa ngazi ya juu kabisa, akishavuka daraja la Malaba na kuingia Kenya huwa mgeni kama wageni wengine, asiyeruhusiwa kumgusa mtu bila idhini ya nchi aliyomo.

Kanuni hii ilitamkwa bayana tarehe 7 Septemba 1927 na Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, iliyokuwa na makao yake The Hague, katika kesi iliyozaliwa na ajali ya baharini. Meli ya Kifaransa iitwayo Lotus ilikuwa imegongana mwaka uliotangulia na meli ya Kituruki ya makaa, Boz-Kourt, wakafa Waturuki wanane. Lotus ilipotia nanga Istanbul, ofisa aliyekuwa zamu akakamatwa na kushtakiwa huko, na Ufaransa ikalalamika kwamba kesi hiyo haikuwa ya Uturuki. Mahakama iliipa Uturuki haki. Tangu siku hiyo wanasheria wa serikali hupenda kuitaja hukumu ya Lotus kila wanapotaka kuurefusha mkono wa sheria za nchi zao, na mara nyingi husahau kwamba hukumu hiyohiyo, kabla ya kutoa ruhusa, ilianza na katazo: dola haiwezi kutumia nguvu zake kwa namna yoyote katika ardhi ya dola nyingine, isipokuwa pale ambapo kanuni ya mataifa au mkataba umeiruhusu. Isisahaulike pia kwamba ofisa yule alikamatwa bandarini Istanbul, katika ardhi ya nchi iliyomshtaki, wala hakufuatwa Marseille usiku akatolewa kitandani.

Njia halali ya kumtoa mtuhumiwa upande mmoja wa mpaka na kumpeleka upande wa pili inaitwa urejeshaji wa watuhumiwa. Kinyume chake ni utekaji wa kuvuka mpaka, ambao hutokea pale mtu anapokamatwa na kuvushwa bila kupitishwa kwa hakimu, ama na maofisa wa nchi inayomtaka walioingia kwa siri, ama, kama ilivyo kawaida zaidi siku hizi, kwa msaada wa maofisa wa nchi alikokuwa. Kati ya hayo mawili kuna jambo la tatu lenye sura ya halali, nalo ni kumfukuza mtu nchini kwa sheria ya uhamiaji, huku mlango anaotolewa ukiwa ndio ule ambao wanaomtaka wanamsubiri nje yake. Afrika Mashariki imeyaona yote matatu, na Nairobi imeyaona zaidi kuliko mji mwingine wowote wa kanda hii.

Msomaji angeweza kudhani kwamba utekaji hutokea kwa sababu njia halali ni ndefu na yenye urasimu mwingi. Kwa nchi hizi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, dhana hiyo haina msingi, na historia inaeleza kwa nini. Mpaka wa Kenya na Tanzania, unaoanzia pwani karibu na mdomo wa mto Umba na kupinda kuuacha mlima Kilimanjaro upande wa kusini kabla ya kufika Ziwa Viktoria, ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa makubaliano ya 1886 na 1890. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili, kama Uganda, zilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza, na sheria ya dola hiyo ya mwaka 1881 kuhusu wahalifu waliotoroka ilikuwa na sehemu maalumu kwa makoloni yaliyopakana. Sehemu hiyo haikudai barua za mabalozi wala amri ya waziri. Ilidai jambo moja tu, nalo ni kuidhinishwa kwa hati, maana yake, kwa mfano, hakimu wa Busia, Kenya, anaiangalia hati ya kukamata iliyotolewa na hakimu mwenziwe wa Tororo, Uganda, anaridhika kwamba saini ni ya kweli, anaandika idhini yake juu ya karatasi hiyohiyo na kutia saini, na kuanzia hapo polisi wa Busia wanaweza kuitekeleza kana kwamba imetoka kwao. Mtu akishakamatwa huletwa mbele ya hakimu huyo wa Busia, naye ndiye anayeamua kama apelekwe.

Uhuru ulipokuja, utaratibu huo haukutupwa. Uganda ilitunga sheria yake ya urejeshaji mwaka 1964 na Tanzania mwaka 1965, na Kenya ikatenga katika sheria yake sehemu ya nchi zinazopakana nayo, yenye utaratibu mwepesi kuliko ule unaotumika kwa nchi za mbali. Ziko pia sheria, Kenya na Tanzania, zinazomruhusu askari wa nchi jirani yenye makubaliano kuvuka mpaka akiwa anamkimbiza mtuhumiwa. Hata vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga, Taveta na Mutukula, ambako ofisa wa nchi moja hufanya kazi katika jengo lililo upande wa nchi nyingine, vimewekewa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotaja eneo la udhibiti, yaani kipande cha ardhi ambamo ofisa wa kigeni anaruhusiwa kutumia sheria za nchi yake kwa kazi ya ukaguzi wa mpakani. Nje ya kipande hicho mamlaka yake yanakwisha. Hivyo ofisa wa forodha anayehesabu magunia ya mahindi ya msafiri amechorewa mstari asioweza kuuvuka, wakati watu wasiotajwa majina, wenye magari yasiyo na namba za kweli, wanaweza kumbeba binadamu kutoka katikati ya mji mkuu hadi mji mkuu mwingine bila mstari wowote kuwazuia.

Ikiwa utaratibu halali unaweza kumalizika kwa saini ya hakimu mmoja, sababu ya kuukwepa haina budi kutafutwa kwa hakimu huyohuyo. Hakimu huuliza maswali. Huuliza kama aliyesimama kizimbani ndiye anayetajwa katika hati, kama ombi limeletwa kwa nia njema, kama mtu huyo akipelekwa atapata kesi ya haki au atateswa, na juu ya yote, kama kosa lenyewe ni la kisiasa. Kosa la kisiasa ni lile linaloelekezwa kwa dola yenyewe, na mfano wake mkuu ni uhaini. Sheria za urejeshaji, tangu karne ya 19, zimekataza mtu kurudishwa kwa kosa la namna hiyo, kwa sababu nchi moja haitakiwi kuwa mkono wa kuwakandamiza wapinzani wa serikali ya nchi nyingine. Mkimbizi ana ulinzi wa ziada, kwa kuwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza, katika kifungu cha 33, kumrudisha mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Kwa hiyo pale ambapo jibu la hakimu linaogopwa, hakimu huachwa kando.

Mfano ambao haukuwa na siasa, na kwa hiyo unafundisha zaidi, ni wa mwaka 2010. Tarehe 1 Julai mwaka huo Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika, ikitangaza uhuru wa watu, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka. Siku kumi baadaye, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi huko Kabalagala, yakaua zaidi ya watu 70. Kosa lilikuwa la mauaji ya halaiki, lisiloweza kuitwa la kisiasa kwa tafsiri yoyote, na hakuna hakimu wa Nairobi ambaye angelikataa ombi lililoandaliwa vizuri. Hata hivyo watuhumiwa kadhaa walichukuliwa kutoka Kenya na kufikishwa Uganda bila kupelekwa kwa hakimu huyo, baadhi yao baada ya Katiba mpya ya Kenya kutangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katiba ambayo wino wake ulikuwa haujakauka na ambayo imeweka haki za mtu aliyekamatwa neno kwa neno.

Ndugu wa mmoja wao walikimbilia Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba amri ya kumfikisha mtu mahakamani, yaani amri ya kale ya sheria ya Kiingereza inayomtaka anayemshikilia mtu aulete mwili wake mbele ya jaji na kueleza sababu ya kumzuia. Mwisho wa Septemba 2010 jaji alitamka kwamba kumwondoa mtu huyo nchini hakukufuata sheria. Lakini amri iliyoombwa haikuweza kutolewa, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa tayari nje ya mamlaka ya mahakama. Hapa ndipo udhaifu wa mfumo unapoonekana kwa uwazi kuliko mahali pengine popote. Mahakama ya upande wa kwanza inaona uovu na haina mtu. Mahakama ya upande wa pili inaye mtu, na inasema uovu haukutendwa kwake. Upande wa pili ulisema hivyo hasa: Mahakama ya Katiba ya Uganda ililikataa ombi la washtakiwa mwaka 2014, kesi ikaendelea mbele ya Jaji Alfonse Owiny-Dollo, na mwaka 2016 baadhi wakatiwa hatiani na wengine wakaachiliwa.

Lilibaki jukwaa la tatu, lile ambalo lingetarajiwa kuwa juu ya pande zote mbili, yaani Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mahakama hiyo ilikuwa imejenga sifa ya ujasiri mwaka 2007 katika kesi ya Katabazi, iliyowahusu watu walioshtakiwa pamoja na kiongozi wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, ambao dhamana yao ilivurugwa tarehe 16 Novemba 2005 baada ya askari wenye silaha kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala. Majaji wa Arusha walisema kwamba, ingawa mkataba haujaipa mahakama hiyo rasmi mamlaka ya haki za binadamu, haitaacha kazi yake ya kuutafsiri mkataba kwa sababu tu malalamiko yametaja haki hizo. Washtakiwa wa mabomu walipofika Arusha, kitengo cha awali kiliwasikiliza, lakini mwaka 2013 kitengo cha rufaa kiliwafungia mlango kwa hoja ya muda. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kilipotendeka au tangu alipokijua, na majaji wa rufaa walikataa hoja kwamba kuzuiliwa ni uvunjaji unaoendelea kila siku ambao huzaa miezi miwili mipya kila kukicha. Ni vigumu kuisifu tafsiri hiyo. Mtu aliyetekwa, ambaye yumo katika seli ya nchi asiyoijua, asiye na wakili na ambaye ndugu zake bado wanamtafuta katika vituo vya polisi vya kwao, ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuandaa shauri la Arusha ndani ya siku sitini.

Swali la kama mahakama inaweza kumhukumu mtu aliyeletwa kwa kutekwa mataifa mengine yamelijibu kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza ni ya Marekani, ambako Mahakama ya Juu kabisa iliamua mwaka 1886, katika kesi ya Ker, na kurudia mwaka 1992 katika kesi ya daktari wa Meksiko aitwaye Alvarez-Machain, kwamba namna mshtakiwa alivyoletwa haiiondolei mahakama uwezo wa kumhukumu. Israeli ilifuata mkondo huohuo kwa ofisa wa Kinazi Adolf Eichmann, aliyechukuliwa Argentina mwaka 1960, ingawa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba kitendo cha aina hiyo huvunja mamlaka ya nchi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisimama karibu na njia hiyo mwaka 2005 ilipoamua kuhusu kiongozi wa wapiganaji wa Kikurdi, Abdullah Öcalan, aliyekabidhiwa kwa maofisa wa Kituruki jijini Nairobi tarehe 15 Februari 1999: iliilaumu Uturuki kwa kesi isiyo ya haki, lakini ukamataji wenyewe haikuuona kuwa haramu, kwa kuwa Kenya haikulalamika. Hoja hiyo inaifanya haki ya mtu kuwa mali ya serikali, ambayo serikali inaweza kuisamehe kwa kunyamaza tu.

Njia ya pili ilifunguliwa kusini mwa Afrika, tena katika siku za mwisho za ubaguzi wa rangi. Ebrahim Ismail Ebrahim, mwanachama wa ANC, alitekwa Swaziland mwezi Desemba 1986, akashtakiwa Afrika Kusini kwa uhaini na kufungwa miaka 20. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya Afrika Kusini ilifuta hukumu yote, ikieleza kwamba serikali ikiwa ndiyo mshtaki lazima ije mahakamani na mikono safi, na kwamba mahakama haikuwa na uwezo wa kumhukumu mtu aliyeletwa mbele yake kwa uhalifu wa maofisa wa dola. Miaka miwili baadaye mabwana wa sheria wa Uingereza, katika kesi ya Bennett, walifikia mahali hapohapo kwa kutumia dhana ya matumizi mabaya ya mchakato wa mahakama, yaani kwamba jaji ana haki ya kuisimamisha kesi ambayo kuendelea nayo kungemfanya mshirika wa uvunjaji wa sheria. Majaji wa Afrika Mashariki wamelelewa katika mapokeo ya Kiingereza na huzitaja hukumu za London karibu kila siku; ni ajabu kidogo kwamba hii haijawaingia kwa uzito uleule.

Kisa kilichodhihirisha gharama ya kutoijali njia ya pili ni cha Novemba 2024. Kizza Besigye alikuwa amekwenda Nairobi kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya. Tarehe 16 alitoweka pamoja na mwenzake Obeid Lutale, na tarehe 20 wakaonekana wakiwa kizimbani katika Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Makindye, Kampala, wakituhumiwa miongoni mwa mambo mengine kumiliki silaha, na miji iliyotajwa katika mashtaka ilijumuisha Nairobi, Geneva na Athens. Mashtaka hayo yalitumia fungu la pili la mamlaka, la kuhukumu, ambalo kama ilivyoelezwa laweza kufika ng'ambo. Kilichokosekana ni uhalali wa fungu la tatu, kwani hakuna hakimu wa Kenya aliyeombwa lolote. Serikali ya Kenya kwanza ilikana kuhusika, na mwaka uliofuata Musalia Mudavadi, waziri anayesimamia mambo ya nje, akasema hadharani kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda. Kabla ya hapo Karua, aliyetaka kumtetea Besigye, alikuwa amenyimwa kwanza leseni ya muda ya uwakili nchini Uganda na kuipata tu mwezi Januari 2025, baada ya kuomba upya. Wakili alidaiwa karatasi ambazo mteja wake hakudaiwa.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, ikiongozwa na Owiny-Dollo yuleyule ambaye sasa alikuwa Jaji Mkuu, iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka juu ya raia. Besigye akahamishiwa mahakama ya kiraia mwezi Februari na kushtakiwa kwa uhaini, na kabla ya katikati ya mwaka Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya inayowarudisha baadhi ya raia mbele ya majaji wa kijeshi. Uhaini ndio mfano wa kitabuni wa kosa la kisiasa. Hati yenye neno hilo ingefika mbele ya hakimu wa Nairobi, wakili yeyote wa mwaka wa kwanza angesimama na kuipinga, na hakimu asingekuwa na pa kukwepea. Ndiyo maana haikufika.

Nigeria imepita katika shimo hilohilo. Nnamdi Kanu, kiongozi wa kundi linalodai kujitenga kwa Biafra, alichukuliwa Nairobi mwezi Juni 2021. Mahakama ya rufaa ya Abuja ilimwachilia mwaka 2022 kwa sababu ya namna alivyoletwa, Mahakama ya Juu ikaibatilisha amri hiyo Desemba 2023, na Juni 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikamwamulia fidia ya shilingi milioni 10 kwa uharamu huohuo. Mwezi Novemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya ugaidi. Fidia hiyo inathibitisha haki yake, lakini serikali iliyo tayari kulipa milioni 10 kwa kila mtu imeuziwa ruhusa ya kuendelea.

Dawa iliyo karibu zaidi haidai mkataba mpya. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilishughulikia jambo la Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania wa Zanzibar aliyekamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani kwa ajili ya kesi ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998, bila kupatikana kwanza ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Alikuwa tayari New York, nje ya uwezo wa mahakama hiyo, kama walivyokuwa watuhumiwa wa Nairobi mwaka 2010. Majaji hawakuishia kusikitika: walitamka kwamba kumkabidhi kulikuwa haramu, kisha wakaamuru hukumu yao ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York iliyokuwa ikiendelea na kesi. Mohamed alitiwa hatiani, lakini juri haikukubaliana kumwua, naye akafungwa maisha.

Hakuna kinachomzuia jaji wa Nairobi kutoa amri ya namna hiyo na kuielekeza Kampala. Na mahakama itakayoipokea Kampala haitakosa mahali pa kuisomea, kwa kuwa Bunge la Uganda lenyewe lilitunga mwaka 2019 sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu, ambayo kifungu chake cha 11 kinamwagiza jaji wa kesi ya jinai, akiona kwamba haki za mshtakiwa zisizoweza kuondolewa kwa hali yoyote zimevunjwa, aitangaze kesi kuwa batili na kumwachilia mshtakiwa. Miongoni mwa haki hizo, kwa mujibu wa kifungu cha 44 cha Katiba ya Uganda, imo haki ya kutoteswa, haki ya kusikilizwa kwa usawa, na haki ya amri ileile ya kumfikisha mtu mahakamani ambayo Nairobi ilishindwa kuitoa mwaka 2010.